Shimo Lililoinamiwa

Ukifika nchi ya Inamia, kabla hujauliza choo kiko wapi utakuwa umeshainamiwa na nusu ya mtaa. Atakuinamia muuza chai, atakuinamia askari, litakuinamia hata sanamu la mbao lililosimamishwa mlangoni pa benki kumpokea zamu mlinzi anayeumwa kiuno. Nchi safi ile. Gari la abiria likichelewa kidogo tu, dereva hushuka, akapiga magoti barabarani na kuomba radhi mpaka abiria waone haya kupanda, na hapo ndipo gari linapochelewa sawasawa. Mtu akikaa huko wiki moja hurudi kwao akiwatukana ndugu zake. Shemhilu alikuwa amekaa miaka zaidi ya thelathini, na matusi yake alikuwa ameyaelekeza kwingine kabisa.

Huyu Shemhilu ni mtu wa Muheza. Shule aliiacha darasa la nne, siku mwalimu alipomtuma kukata majani ya ng'ombe wake mwalimu. Alitoka na panga, akapitiliza. Alivyofika Inamia ni habari ya meli na njaa, tuiache. Alifika, akafungua kibanda cha kukaanga maandazi karibu na soko, akamwoa binti wa pale aitwaye Nayume, akajifunza lugha yao mpaka akawa anaota kwayo. Lakini jina lake mtaani lilibaki Mgeni.

"Hujambo, Mgeni?" jirani humuuliza kila asubuhi.

"Sijambo, bwana."

"Loo! Umesema 'sijambo' vizuri kama mtu!"

Miaka yote hiyo, jirani yuleyule, mshangao uleule. Na pakipotea baiskeli mtaani, jirani huyohuyo huja na sahani ya matunda, akainama, akauliza kwa upole kama Mgeni, kwa bahati tu, hakuiona. Takataka kule hutupwa kwa mafungu: za kuungua, za kutoungua, na za kufikiriwa kwanza. Mtu yeyote akikosea fungu, kifurushi hupelekwa kwa Mgeni bila kuulizana, kikiwa kimefungwa upya vizuri kuliko mwanzo.

Sasa, kuinama kwa Inamia si adabu tu, ni sheria. Kuna kuinama kwa kichwa, kwa mtu aliyemkanyaga mwenzake. Kuna kuinama kwa kiuno, kwa aliyeuza samaki waliolala. Halafu kuna mkeka: magoti chini, kifua chini, mikono imenyooshwa mbele, paji la uso sakafuni. Mkeka ni wa makosa makubwa, hasa ya wakubwa, na hupigwa mbele ya waandishi wa magazeti. Aliyekosewa husimama mbele yao, na akishatosheka husema, "Inukeni." Wakiinuka, kosa limekwisha. Sheria haisemi limesamehewa, wala haisemi limetengenezwa. Inasema limekwisha, na anayelitaja tena amechafua hali ya hewa, jambo ambalo Inamia ni baya kuliko wizi.

Mtaa wa kina Shemhilu na makaburi yao vilitenganishwa na mto, na juu ya mto palikuwa na daraja la mbao la waenda kwa miguu. Mbao za katikati zilioza. Watu walizitazama zikioza, kila mmoja akanyamaza asije akamsumbua anayehusika. Anayehusika alikuwa Mheshimiwa Goramu wa Nane, Waziri wa Madaraja, aliyekirithi kiti kwa Goramu wa Saba, aliyekirithi kwa wa Sita, na kurudi nyuma hivyo hivyo, na katika ukoo mzima hakuna Goramu aliyewahi kupita darajani kwa miguu yake. Aliyepita ni Nayume, na kikapu cha figili. Mbao zikaachia, mto ukamchukua.

Baada ya mazishi wakubwa walikuja, Goramu mbele, wakapiga mkeka mlangoni kwa Shemhilu. Ulikuwa mkeka wa kupendeza, lazima isemwe. Magazeti yalisifu mgongo wa Mheshimiwa kwamba ulinyooka kama meza. Shemhilu na uchungu wake akadhani huo ni mwanzo wa mazungumzo. Akasema, "Inukeni, tuzungumze." Wakainuka, wakapangusa magoti, wakaenda zao. Kumbe ndiyo yalikuwa yamekwisha!

"Una bahati wewe, Mgeni," jirani akamwambia. "Baba yangu alipofunikwa na mgodi, aliinamiwa na karani tu. Tena kwa kiuno."

Shimo likabaki. Si kwamba lilisahauliwa, la hasha. Wizara ilileta bango lenye picha ya sungura aliyevaa kofia ya ujenzi, anainama huku anacheka, na chini yake: TUNAOMBA RADHI KWA SHIMO. Kisha ikaajiri mtu, Hamoni, mnene na mpole, asimame pale kutwa na kibendera chekundu, kazi yake kumwinamia kila anayevuka.

"Hamoni, ndugu yangu," Shemhilu alimwita siku moja kutoka ukingoni, maana alikuwa ameapa hatalikanyaga daraja lile mpaka litengenezwe, na kaburi la mkewe akawa analiona kwa ng'ambo tu. "Huo mshahara wako hauwezi kununua mbao tatu?"

"Ungenunua msitu," Hamoni akajibu, akainama. "Sasa shimo likizibwa, Mgeni, mimi nitamwinamia nani?"

Yote haya Shemhilu angeyameza na chai yake ya jioni, akaendelea kuwalaani wakubwa kimoyomoyo kama wanavyolaaniwa kila mahali. Lililomkaba ni mama mkwe. Bi Tosiwa, mama yake Nayume, alibaki naye nyumba moja. Kwa desturi za Muheza mtu hamkodolei macho mkwewe. Kwa desturi za Inamia mtu hamkodolei macho mtu yeyote. Basi wawili hao waliishi wakitazama chini, na sakafu ya nyumba ile hakuna aliyeijua kama wao. Na kila asubuhi yule bibi, na mgongo wake uliopinda, alichukua birika la chai ampelekee mwanawe kaburini. Mahali pa shimo palibaki boriti moja, nyembamba kama mkono wa mtoto. Bi Tosiwa alishika kamba ya pembeni kwa mkono mmoja, birika mkono wa pili, akapita juu ya boriti. Shemhilu alisimama ukingoni, pumzi kifuani, mpaka afike. Akirudi, hivyo hivyo tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, mvua zinakuja. Ile boriti itateleza. Kesho usiende."

"Na chai yake atampelekea nani?"

"Nayume mwenyewe angekwambia usiende."

"Nayume hapendi chai ya baridi," akasema Bi Tosiwa, macho kwenye sakafu.

"Basi twende kwa wakubwa, mama, ukawaambie wewe. Wewe ni mwenyeji, wewe ndiye uliyemzaa."

"Nikawasumbue watu wazima na kazi zao? Ah, baba. Shimo lenyewe si kubwa."

"Lilimtosha Nayume."

Sakafu ikatazamwa sana siku ile.

Alasiri yake Shemhilu alivunja meza ya kibanda chake, akachukua mbao, akamwomba Hamoni atazame upande wa pili. Hamoni akatazama upande wa pili na kuuinamia. Mbao zikawekwa, zikapigwa misumari, Shemhilu akifanya kazi kwa kutambaa kifudifudi huku nyayo zake ameziinua hewani, asije akavunja kiapo. Kulipokucha, mbao zote zilikuwa mlangoni kwake zimefungwa kwa karatasi ya maua na utepe, misumari imelazwa kwenye pamba ndani ya kisanduku, iliyopinda imenyooshwa. Afisa wa Wizara alikuwa ameinama kando yake.

"Zawadi yako ni nzuri mno, Mgeni. Hatuistahili."

"Si zawadi! Ni mbao za daraja!"

"Ndiyo maana hatuistahili. Shimo lile limeshainamiwa na Mheshimiwa. Kulitengeneza ni kusema hakuinama vya kutosha. Itakuwa kama tumempiga kofi."

Shemhilu akaona afadhali aende barazani kwenyewe.

Baraza la Inamia ni jumba zuri lenye viti vya mto laini, na kwenye viti walikuwa wamelala wazee. Kulala si utovu wa adabu kule. Ni ushahidi kwamba mtu amechoka kwa ajili ya taifa. Waliokuwa macho walikuwa wakijadili upungufu wa watoto nchini. Shule ya kata moja ilikuwa imebaki na mwanafunzi mmoja, na mengine yote yaliyokaa kwenye madawati yalikuwa masanamu ya nguo kuukuu yaliyojazwa majani. Hoja iliyokuwa mezani ni kama masanamu hayo yavae sare. Mzee mmoja alipendekeza waulizwe akina mama kwa nini hawazai. Wenzake wakasema kuuliza kutawasumbua, na zaidi ya hapo, barazani hapakuwa na mama hata mmoja wa kuulizwa. Wakaafikiana kuhusu sare.

Ndipo Shemhilu akaitwa mbele. Akaeleza habari ya boriti, mvua na bibi mwenye birika. Alieleza vizuri. Wazee wawili waliamka kumsifu matamshi yake.

Goramu wa Nane akasimama. "Tumekusikia kwa masikio ya kusikia."

"Ahsante, Mheshimiwa. Mtalitengeneza?"

"Tutalitazama kwa jicho la kutazama mbele."

"Mbele ya lini?"

"Ah," Goramu akavuta pumzi kwa meno. "Hapo ni pagumu kidogo."

Shemhilu aliwajua watu hawa. Pagumu kidogo kwa Inamia maana yake mpaka mfu afufuke. "Mheshimiwa," akasema, "mimi si msomi. Nipe ndiyo au nipe hapana, nijue moja niende nikakaange maandazi."

Jumba zima likaamka. Neno lile la pili lilikuwa halijatamkwa humo tangu jumba lijengwe. Likafuata kohokoho, kisha akaitwa Mnusa Hewa. Huyu ndiye afisa mkubwa kuliko mawaziri, maana kule hakuna anayeamua jambo. Hewa ndiyo inayoamua, na yeye huisoma. Alikuwa mrefu, pua yake imefunikwa kwa kitambaa cha hariri. Akapanda kigoda, akafunua pua, akanusa pembe zote za jumba, akafunga macho.

"Hewa imechafuka," akasema. "Aidha, hewa inasema: bado."

"Hewa!" Shemhilu akapayuka. "Hewa ndiyo iliyomwua mke wangu? Hewa ndiyo inayokalia hicho kiti cha mto? Hebu nionyesheni mtu mmoja tu humu, nimtazame, nijue ndiye aliyetakiwa kuweka mbao akaacha!"

Wazee wakatazamana kwa huruma ya kweli kabisa.

"Hayupo, Mgeni," Goramu akasema taratibu. "Ndivyo ilivyokuwa tu."

Lakini hawakutaka aondoke na kinyongo, maana kinyongo cha mgeni huwa kinaonekana hata nje ya nchi. Wakaazimia kwamba kwa kuwa mwaka wa msiba umekaribia kutimia, Mheshimiwa na wenzake watainama tena, na mara hii palepale darajani. Mjadala ukawa mkali, wa kwanza wa kweli siku ile. Kundi moja lilitaka mikono iishie ukingo wa shimo. Kundi jingine likasema la, mikono ivuke shimo na kushika mbao za upande wa pili, kuonyesha kwamba majonzi ya serikali yanafika ng'ambo. Hewa ikachagua ng'ambo.

Hamoni ndiye aliyeletewa maagizo ya kufagia daraja. "Siku hiyo usitucheleweshe, Mgeni," alimwambia Shemhilu. "Wakishainama sema 'inukeni' haraka. Wana migongo mibovu, na mawingu yale unayaona."

"Nisiposema?"

"Usiposema nini?"

"Inukeni."

Hamoni alifikiri mpaka kibendera kikamlegea mkononi. "Sijui," akasema. "Hakuna aliyewahi kutosema."

Shemhilu akarudi nyumbani akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu Nayume alipokufa.

Siku ikafika na manyunyu yake. Waandishi walijipanga ukingoni, majirani nyuma yao. Goramu akaja na manaibu wake na Mnusa Hewa, wote katika suti nyeusi, wakapiga magoti kwenye ukingo wa shimo, bega kwa bega. Wakajilaza mbele, vifua juu ya mto, mikono ikavuka, vidole vikashika mbao za ng'ambo. Picha zikapigwa. Kila mtu akageuka kumtazama Shemhilu.

Shemhilu akatazama mawingu.

"Mgeni," Hamoni akanong'ona.

"Naam."

"Lile neno."

"Linakuja. Halijafika."

Majirani wakaanza kuona haya kwa niaba yake. Manyunyu yakawa mvua. Naibu mmoja akaanza kutetemeka.

"Mgeni," ikasikika sauti ya Goramu kutoka chini, ya adabu kabisa, "bila shaka una mengi moyoni."

"Ninalo moja tu, Mheshimiwa. Mtaweka mbao?"

Goramu akavuta pumzi kwa meno. "Hapo ni pagumu kidogo."

"Basi kaeni mkao huo, mimi sina haraka."

"Mnusa Hewa," Goramu akaita kwa sauti ya chini, "hewa inasema nini?"

Mnusa Hewa, pua yake ikiwa imegandamizwa penye ukingo, akavuta kwa nguvu. "Inanuka mbao iliyooza, Mheshimiwa."

Ukingoni mtu akacheka, akajiziba mdomo, akajiinamia mwenyewe.

Hapo zikasikika ndara. Bi Tosiwa anakuja na birika lake, kama kila asubuhi, na kitambaa kichwani cha kuzuia mvua. Boriti ilikuwa imelowa, inang'aa kama samaki. Na zaidi ya hilo, Bi Tosiwa naye ni mfiwa. Neno lake lina nguvu ileile. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsumbua hata paka! Akisema inukeni, watainuka, watapangusa magoti, na shimo litakuwa limekwisha mara ya pili.

Goramu naye alizitambua ndara. "Mama!" akalia. "Mama wa marehemu! Tunakuinamia, mama! Tuambie neno!"

Bi Tosiwa akafika penye shimo, akasimama. Akatazama chini, kama kawaida yake. Akaitazama boriti, akaitazama ile migongo iliyopangana kutoka ukingo hadi ukingo, mipana, imara, imevikwa kitambaa kizuri. Watu wote wakangoja.

Akavua ndara.

"Samahani," akasema, akaweka mguu juu ya mgongo wa naibu wa kwanza. "Samahani, baba. Samahani. Naomba njia." Akapita mshazari, birika limetulia mkononi, mguu kwa mguu, huku akiomba radhi kwa kila mgongo kwa zamu yake. Juu ya Mheshimiwa Goramu alisimama kidogo kuweka sawa kitambaa. Kisha akashuka ng'ambo, mzima.

Bi Tosiwa akageuka. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, akamtazama mkwewe machoni.

"Baba, mbona umebaki huko? Chai inapoa."

"Mama, mimi niliapa. Silikanyagi mpaka litengenezwe."

Bi Tosiwa akaitazama migongo, akamtazama tena yeye.

"Mimi naona limetengenezwa," akasema.

Shemhilu akavua viatu. Alivuka. Walikaa kaburini wawili, wakammiminia Nayume chai ya moto, na Shemhilu akalia alichokuwa hajalia mwaka mzima, na kwa sababu hiyo wakasahau kabisa kuwa kuna watu wamelazwa mahali. Waliposema "inukeni" wakati wa kurudi, manaibu wawili ilibidi wakunjuliwe na Hamoni.

Baraza likakutana kwa dharura. Mtu wa kawaida angesema, leteni mbao, yaishe. Lakini mbao zingekuwa kofi, na bibi alikuwa amevuka salama, magazeti yote yaliona. Mnusa Hewa akanusa, na hewa safari hii ikasema wazi: shimo limepata ufumbuzi. Ikawekwa zamu. Kila asubuhi mvua au jua, wakubwa wa Inamia huletwa darajani, wakalala juu ya shimo, Bi Tosiwa akapita na birika lake. Wageni kutoka nchi nyingine huletwa kutazama, wakarudi kwao wakisifu viongozi walivyo karibu na wananchi. Bango la sungura bado lipo, na Hamoni bado yupo, sasa ana msaidizi.

Mbao za Shemhilu nazo zipo, ndani ya karatasi ya maua, zinangoja.

Zamu ya Mheshimiwa Goramu huangukia siku ya soko. Siku hiyo Shemhilu humwambia mama mkwe atangulie, yeye abaki na birika, lile kubwa. Hufika katikati, akasimama. Hubadilisha mkono. Hutazama maji yanavyopita chini, hutazama kaburi kule mbele.

"Usiharakishe, Mgeni," mgongo husema kwa upole. "Utateleza."

"Siharakishi, Mheshimiwa," Shemhilu hujibu. "Siharakishi hata kidogo."